Peleti za sungura madukani Mwanza: sungura zinamtosha, simbilisi bado

Ukiulizia chakula cha simbilisi kwenye duka la dawa za mifugo hapa Mwanza, iwe katikati ya mji, Buzuruga, Igoma au Nyegezi, mara nyingi utapewa mfuko wenye picha ya sungura. Muuzaji atakwambia wote ni wala majani, chakula ni kimoja. Kwa upande wa nyuzinyuzi na protini hajakosea sana. Kwa upande wa vitamini amekosea, na kosa hilo huonekana bandani baada ya wiki mbili au tatu.

Hapa tunapitia bidhaa tatu ambazo mfugaji wa huku huishia kuzinunua akitafuta vitamini: peleti za sungura (punje za chakula kilichosagwa na kugandamizwa), unga wa vitamini wa kuku wa kuchanganya na maji, na vidonge vya vitamini C vya binadamu. Tuseme mapema: peleti ni chakula kizuri zikiwa zimetoka kiwandani karibuni, unga wa kuku usiwape kabisa, na kidonge cha kawaida cha vitamini C kutoka duka la dawa ndicho kinachofanya kazi kuliko vyote.

Kwanza tuelewane jina. Wengine huku humwita simbilisi "pimbi". Pimbi ni yule mnyama wa kwenye mawe anayeota jua kisiwani Saanane, na hana undugu wowote na simbilisi. Simbilisi asili yake ni Amerika ya Kusini, mnene, hana mkia, mtu mzima huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200. Tofauti yake kubwa na sungura iko kwenye ini. Sungura hujitengenezea vitamini C mwenyewe, panya vilevile, na chinchila, mnyama mdogo wa manyoya wa milima ya Andes, vilevile. Simbilisi amekosa kimeng'enya cha mwisho cha kazi hiyo, kama sisi binadamu, kwa hiyo asipokula vitamini C leo, kesho hana. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich kule Norwei waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu wakichunguza ugonjwa wa mabaharia, wanyama wakapata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mfugaji anayewalisha pumba na nyasi kavu tangu Juni hadi Septemba anarudia jaribio lile lile bila kujua.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Simbilisi mzima anataka miligramu 10 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye mimba au anayenyonyesha apewe 30 au zaidi. Kwa mnyama wa gramu 800, ukilenga miligramu 20 kila siku uko salama. Akizidishiwa kidogo hutoka na mkojo. Kinachomuumiza ni kukosa siku nyingi mfululizo.

Sasa peleti zenyewe. Kabla ya kulipa, geuza mfuko usome lebo iliyoshonwa kwenye mshono wa juu au chini. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Ile ya mwisho wa matumizi pekee haikuambii kitu. Kisha tafuta nyuzinyuzi, zisipungue asilimia 14, na zikifika 18 ni bora zaidi. Protini asilimia 16 hadi 18 inatosha. Halafu angalia kama kuna maneno "vitamini C" au "asidi askobiki" kwenye orodha. Kwenye chakula cha sungura kwa kawaida hayapo, na hilo si udanganyifu, maana sungura hahitaji. Utaona vitamini A, D3 na E, na hizo ndizo za sungura. Vitamini za kundi B na K sungura hupata kutoka kwa vijidudu vya utumbo wake mkubwa, kisha hula kile kinyesi laini cha usiku moja kwa moja kutoka mkunduni. Ukiona anafanya hivyo usimzuie wala usidhani ana njaa.

Hata ukibahatika kupata mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya simbilisi, wenye vitamini C ndani, tarehe inabaki kuwa jambo la kwanza. Vitamini C ya kawaida hupungua karibu nusu ndani ya miezi mitatu tangu kiwandani, hapo ni pale chakula kimehifadhiwa mahali pakavu penye ubaridi. Duka la bati lisilo na dari, jua la saa nane mchana, si mahali penye ubaridi. Mfuko uliosafiri kwa lori kutoka mbali, ukakaa stoo, ukafunguliwa na kuuzwa kwa kilo kutoka kwenye ndoo ya plastiki ang'avu iliyowekwa mlangoni ili wateja waione, vitamini C yake ihesabu ni sifuri. Mwanga na hewa vinaila pia vitamini A na E, kwa hiyo ndoo ile ya mlangoni inamnyima hata sungura haki yake. Duka zuri utalitambua kwa jambo moja dogo: mfuko uliofunguliwa umekunjwa mdomo na kubanwa, uko juu ya ubao, mbali na ukuta, na muuzaji anachota kutoka humo humo ili ukitaka kusoma lebo uisome.

Omba punje chache mkononi. Vunja moja katikati kwa kucha. Peleti nzuri huvunjika kwa mlio mdogo, ndani ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia au kahawia nyepesi, na unaona vipande vya nyasi, harufu yake ni ya majani makavu. Ikimong'onyoka kuwa unga bila kubanwa, imevuta unyevu au haikugandamizwa sawasawa, na chini ya mfuko utakuta vumbi ambalo mnyama hataligusa. Likimwingia puani atapiga chafya siku nzima. Ikinuka kama mafuta yaliyochacha, iache pale pale. Harufu hiyo hutokana na pumba za mpunga. Ukanda huu wa ziwa una mashine nyingi za kukoboa, pumba zake ni rahisi kupatikana na zina mafuta mengi, na mafuta hayo yakichacha huiharibu vitamini E iliyomo kwenye chakula. Upungufu wa vitamini E huanza na udhaifu wa misuli ya miguu ya nyuma, na watu huuchanganya na kiseyeye.

Peleti yenye utandu mweupe au wa kijani, au inayonuka uvundo, usiianike juani ukadhani imepona. Sumukuvu haitoki kwa kuanikwa, na sungura na simbilisi huathirika nayo kwa kiasi kidogo sana.

Kuna pia vyakula vinavyochanganywa hapa hapa na kuuzwa bila lebo. Hivi vina bei nafuu, na baadhi ya wachanganyaji wanajua kazi yao vizuri. Muulize mambo mawili tu. La kwanza, je, ametia mashudu ya pamba? Mkoa huu una pamba, mashudu yake yako karibu, lakini yana gosipoli ambayo huwadhuru wanyama wadogo wasio na matumbo ya kucheua. Mashudu ya alizeti ni salama zaidi. La pili, je, yale majani ya kijani yaliyosagwa ni ya nini? Akisema lusina, uliza kiasi. Lusina ina mimosini, na ikizidi sungura hupukutika manyoya na kudumaa. Wengine huichanganya na lusini, ile alfalfa, kwa sababu majina yanafanana, na hiyo ni mimea miwili tofauti kabisa.

Kuhusu kiasi: simbilisi mmoja apewe kama gramu 20 za peleti kwa siku, nyasi ziwepo muda wote. Sungura mzima asiyezaa apewe gramu 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake, na jike anayenyonyesha aachiwe ale anavyotaka. Piga hesabu kabla ya kushawishika na punguzo la mfuko mkubwa. Simbilisi kumi hula gramu 200 kwa siku, yaani kilo 6 kwa mwezi. Mfuko wa kilo 50 utakaa miezi minane na zaidi, na nusu ya muda huo utakuwa unawalisha nyuzinyuzi na vumbi. Bora ununue kilo sita kila mwezi, hata kama bei ya kilo iko juu kidogo, uzitunze kwenye ndoo isiyopitisha mwanga yenye mfuniko.

Bidhaa ya pili ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Mfugaji akisikia "vitamini", muuzaji humpa pakiti ya unga wa kuku, wa njano au wa chungwa, yenye picha ya jogoo. Tuanze na hesabu ya kawaida. Tuseme pakiti imeandikwa kwamba kila gramu 100 zina gramu 1 ya vitamini C, na maelekezo ni gramu 1 ya unga kwa lita moja ya maji. Lita hiyo itakuwa na miligramu 10. Simbilisi wa gramu 800 hunywa kama mililita 80 kwa siku, kwa hiyo atapata miligramu 0.8, wakati anataka 20. Na hiyo ni kama vitamini imebaki hai. Kwenye maji vitamini C huoza haraka: klorini ya maji ya bomba, mwanga, na chombo cha bati vinaweza kuimaliza zaidi ya nusu kabla ya siku kuisha. Tena maji yenye rangi na ladha ngeni simbilisi huyakataa, na kwa joto letu mnyama asiyekunywa huishiwa nguvu upesi kuliko mwenye kiseyeye.

Hapo bado hatujafika kwenye hatari. Pakiti nyingi za kuku zinazoitwa "vitamini" huwa zimechanganywa na dawa. Pindua pakiti usome herufi ndogo. Ukikuta oksitetrasaiklini, erithromaisini, linkomaisini, au chochote cha jamii ya penisilini, rudisha. Kuku anavimudu. Simbilisi, sungura na chinchila wana utumbo mkubwa unaoendeshwa na vijidudu vyema, na dawa hizi zikinywewa huwaua hao vyema na kuwaachia uwanja vijidudu vya sumu. Mnyama huanza kuhara siku chache baadaye, mwili unapoa, masikio baridi, anakufa. Mfugaji husema "alikufa wakati nampa vitamini" na hajui kuwa maneno hayo ni ya kweli kabisa. Vilevile chakula cha vifaranga usiwape wakati peleti zimeadimika, kwa sababu baadhi yake huwekwa dawa za koksidia kama monensini, salinomaisini au narasini, na hizo zinaweza kuwa sumu kwao.

Kisha kuna vitamini A na D3, ambazo unga wa kuku umejaa. Hizi haziondoki na mkojo. D3 ikizidi, chokaa hujijenga kwenye mishipa mikubwa ya damu na kwenye figo za sungura. A ikizidi, sawa na ikipungua, sungura mwenye mimba huharibu mimba au kuzaa watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Kama peleti zako ni za tarehe ya karibuni, A na D zimo tayari, na banda linalopata jua la asubuhi linamaliza habari ya D. Unga wa kuku uache kwa kuku.

Bidhaa ya tatu haiko hata kwenye duka la mifugo. Nenda duka la dawa za binadamu, ulizia vidonge vya vitamini C pekee. Sisitiza neno "pekee", maana ukipewa mchanganyiko wa vitamini nyingi umerudi kwenye tatizo la A na D. Vile vya kuyeyusha kwenye glasi vinavyotoa povu achana navyo, vina magadi na utamu mwingi. Cha miligramu 100 ukikigawa mara nne kwa kisu, kila robo ina miligramu 25, dozi ya simbilisi mmoja kwa siku. Wengi huitafuna wenyewe wakizoea, hasa chenye ladha ya chungwa.

Kwa kundi kubwa, kidonge cha miligramu 500 ndicho chenye nafuu. Kiponde kati ya vijiko viwili hadi kiwe unga laini, weka kwenye kikombe cha plastiki au glasi, ongeza mililita 20 za maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa, koroga. Kila mililita moja sasa ina miligramu 25. Chukua bomba la sindano la mililita moja, ondoa sindano, vuta dozi. Mshike mnyama mapajani, kifua chake kikiegemea kiganja, ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, na usukume polepole huku akimeza. Ukisukuma kwa nguvu katikati ya mdomo maji yataingia kwenye mapafu. Kidonge hicho kimoja kimehudumia wanyama ishirini. Kilichobaki mwaga, usikiweke kwa kesho.

Sokoni kuna kitu kinachoshindana na kidonge: pera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, kwa hiyo kipande cha gramu 10 pamoja na ganda lake, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kinamaliza siku ya simbilisi mmoja. Usizidishe, lina sukari. Pilipili hoho ya kijani ina kama miligramu 80 kwa gramu 100. Hoho moja ya wastani inagawiwa wanne au watano, na hii tungeichagua kuliko pera kwa matumizi ya kila siku kwa sababu haina sukari nyingi wala chokaa nyingi. Mchicha una kama miligramu 43, ila uchanganye na majani mengine, usiwe ndio peke yake, kwa kuwa una oksalati na chokaa ambavyo hujenga mawe kwenye kibofu. Kabichi na sukuma wiki zina vitamini C nzuri lakini hujaza gesi zikiwa nyingi. Majani yoyote unayonunua, nunua asubuhi. Fungu la mchicha lililonyauka juani tangu saa tatu hadi jioni limeshapoteza sehemu kubwa ya unacholipia. Na parachichi usiwape, iwe tunda, ganda au majani, wala majani ya nyanya na viazi mviringo, wala vitunguu.

Neno kuhusu chinchila, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu kuhusu "wanyama wadogo wa manyoya" ni ya chinchila, na wafugaji wa simbilisi huyafuata. Chinchila anatoka milima mikavu ya Andes, tumbo lake limezoea nyasi kavu, na lishe yake ni hei muda wote, kijiko kimoja au viwili vya chakula vya peleti kwa siku, majani mabichi kidogo sana. Kwake ni sahihi, maana vitamini C anajitengenezea; kinachomsumbua ni upungufu wa vitamini E kwenye chakula kilichochacha, na matunda ya kumzidishia sukari. Ukimpa simbilisi lishe hiyo hiyo kavu, umemkatia vitamini C yote. Na mwenye kufikiria kumfuga chinchila hapa ziwani ajue kwamba joto likipita nyuzi 27 mnyama huyo yuko hatarini, hasa hewa ikiwa na unyevu, na mchana wa Mwanza hufika huko mara kwa mara. Bila chumba cha kupoza hewa, hakuna vitamini itakayomsaidia.

Utamjuaje simbilisi aliyeanza kuugua? Dalili ya kwanza ni sauti. Mnyama aliyezoea kunyanyuliwa analia ukimgusa miguu ya nyuma, kwa kuwa damu inavuja kwenye viungo. Anakaa pembeni, manyoya yamesimama na hayana mng'ao, anakwenda kwa kuruka kidogo kama sungura badala ya kutambaa. Bonyeza goti kwa vidole viwili, utalikuta limevimba na lina joto. Fungua mdomo uone fizi: nyekundu iliyokolea, au damu kwenye mstari wa meno. Anasogelea chakula, anakinusa, anakiacha, na udenda unalowesha kidevu. Wenye mimba na wadogo wanaokua ndio hutangulia.

Akifika hapo, robo ya kidonge haitoshi. Apewe miligramu 50 kwa siku, yaani mililita mbili za ule mchanganyiko wetu, moja asubuhi na moja jioni, kwa siku 14. Asiyeweza kutafuna lowesha peleti kwa maji ya uvuguvugu hadi ziwe uji, mlishe kwa bomba kubwa kidogo. Mwite daktari wa mifugo kama anahara au hajala kwa siku nzima, kwa kuwa utumbo wa simbilisi ukisimama haungoji. Wengi huanza kutembea vizuri ndani ya wiki ya kwanza. Meno yaliyolegea huchukua muda zaidi, na yakiota upande yatahitaji kukatwa na daktari kila mara, kwa hiyo endelea kumfungua mdomo na kuangalia mara moja kwa wiki hata baada ya kupona.